Jengo Kama Tiba: Usanifu wa Hospitali ya Kisasa ya Magonjwa ya Akili

Utangulizi

Katika mazungumzo ya kila siku nchini Kenya, jina Mathari limekwisha kuwa zaidi ya jina la mahali. Mtu akiambiwa kwamba anafaa kupelekwa Mathari hahitaji ufafanuzi, ametukanwa. Tanzania Bara huitajwa Mirembe kwa namna iyo hiyo, Unguja hutajwa Kidongo Chekundu, na Waganda wana Butabika yao. Mwanaisimu hulieleza jambo hili bila taabu: jina la jengo limehamishiwa hali ya watu waliomo, na hali hiyo ikarudi kulitia doa jina lenyewe. Lililozungumziwa kwa uchache mno katika Kiswahili ni upande wa pili wa uhusiano huo, yaani namna jengo lenyewe linavyomwathiri mtu aliyelazwa humo. Je, kuta, milango, madirisha na mpangilio wa viti vyaweza kumtuliza mgonjwa au kumchokoza? Makala haya yanakusudia kulijibu swali hilo kwa kutazama safari iliyoleta hospitali za kisasa za magonjwa ya akili, na hasa jengo moja lililofunguliwa mwaka 2006 katika mji wa Göteborg, Uswidi.

Swali hili si la wasanifu majengo pekee. Sheria ya Afya ya Akili ya Kenya, ilivyorekebishwa mwaka 2022, imezipa serikali za kaunti wajibu wa kutoa huduma hizi katika vituo vyao vya afya. Kaunti itakayotimiza wajibu huo itahitaji wodi, na kila wodi hujengwa kwa ramani. Ramani isipofikiriwa hunakiliwa, na majengo yanayonakiliwa yana nasaba isiyopendeza.

Nasaba ya majengo haya

Majengo ya awali yalisanifiwa kwa manufaa ya jamii iliyobaki nje, wala si ya mtu aliyefungiwa ndani. Mfano mashuhuri ni mnara uliojengwa Vienna, Austria, mwaka 1784 kwa amri ya Maliki Joseph wa Pili. Ulikuwa mviringo, wenye orofa tano na vyumba 139, takriban 28 katika kila orofa, vyenye madirisha membamba mithili ya nyufa. Wenyeji waliubandika jina la keki yao ya mviringo. Hata hivyo, kwa wakati wake mnara huo ulihesabiwa kuwa maendeleo, kwani wagonjwa walikuwa wametengewa mahali pao badala ya kurundikwa pamoja na wahalifu na mafukara. Umbo lake lakini lilikuwa limekwisha kuamua kwamba mgonjwa ni kitu cha kuwekwa.

Karne ya 19 ilileta imani mpya. Daktari Thomas Story Kirkbride wa Philadelphia, Marekani, aliamini kwamba jengo jema ni sehemu ya uponyaji. Ramani yake, iliyotumiwa kwanza Trenton, New Jersey, mwaka 1848 na kuelezwa kitabuni mwaka 1854, ilikuwa na jengo la katikati lenye mabawa yaliyorudi nyuma hatua kwa hatua, mfano wa kundi la ndege warukao, ili kila wodi ipate hewa na mwanga. Aidha alisisitiza kwamba wagonjwa wasizidi 250. Wakuu wa majimbo waliyapenda majengo hayo lakini hawakukipenda kikomo hicho. Wagonjwa waliongezwa maradufu na zaidi, vitanda vikapangwa hadi kwenye ujia, na kumbi zilizokusudiwa kuota jua zikageuzwa mabweni. Ramani nzuri haikuweza kustahimili msongamano, na lawama zikaangukia ramani.

Huku kwetu historia ilianza kwa jengo la kuazima. Hospitali ya Mathari ilifunguliwa mwaka 1910 kwa jina lililomaanisha nyumba ya wenda wazimu ya Nairobi, katika mahali palipokuwa pakitumiwa kuwatenga wagonjwa wa ndui. Jina hilo lilibadilishwa mwaka 1924, kisha tena mwaka 1964. Katika enzi ya ukoloni wodi ziligawanywa kwa rangi ya ngozi: za Wazungu, za Waasia na za Waafrika. Ikumbukwe basi kwamba mantiki ya kwanza ya jengo la magonjwa ya akili nchini Kenya ilikuwa mantiki ya karantini: ugonjwa ni kitu cha kuzuiwa kisienee, na ukuta ndio dawa.

Viti vya Weyburn

Hatua ya kwanza kuelekea usanifu wa kisasa ilichukuliwa na watu waliotazama viti. Katika miaka ya 1950, hospitali kubwa ya Weyburn katika jimbo la Saskatchewan, Kanada, iliongozwa na Daktari Humphry Osmond. Aligundua kwamba kuna mahali panapowatawanya watu na kuna mahali panapowakutanisha. Kituo cha garimoshi, kwa mfano, hujaa watu mamia wasiosemezana, kwa kuwa kila kitu ndani yake kimepangwa ili watu wapite. Ujia mrefu wa hospitali, wenye milango pande zote mbili, ni kituo cha garimoshi ambacho abiria wake hawaondoki.

Mwanasaikolojia Robert Sommer aliyekuwa Weyburn alipewa wodi ya wanawake wazee aitazame. Wodi hiyo ilikuwa imekwisha kutengenezwa upya: rangi mpya, viti vipya, kila kitu kiking'aa. Wanawake wale lakini waliketi kimya mchana kutwa, viti vyao vikiwa vimepangwa sambamba na ukuta, bega kwa bega. Hakuna aliyeweza kumtazama mwenzake usoni pasipo kujipinda shingo. Mpangilio huo uliwafaa wafagiaji na wagawaji chakula. Sommer aliweka meza ndogo katikati ya chumba na kuvizungushia viti. Mwanzoni mabadiliko yalipingwa, na viti vikarudishwa ukutani mara kwa mara. Baada ya wiki kadhaa, mazungumzo baina ya wanawake hao yalikuwa yamekaribia kuongezeka mara mbili. Matokeo yalichapishwa mwaka 1958. Hakukuwa na dawa mpya wala ukuta uliobomolewa. Mswahili aliyejenga viti vya mawe pande mbili za daka lake, vikielekeana, hangelishangazwa na habari hii.

Msanifu Kiyoshi Izumi alienda mbali zaidi. Ili aelewe mgonjwa anaona nini, alikubali kumeza dawa iitwayo LSD, ambayo hupotosha hisi kwa muda, kisha akazuru wodi za kale. Kabati zisizo na milango, zilizochimbwa ukutani, zilimwonekea kama mashimo meusi. Vitanda vilikuwa virefu kiasi kwamba aliyeketi juu yake miguu yake haikufika sakafuni. Hapakuwa na saa wala kalenda, hivyo mtu ambaye tayari amepotelewa na mwendo wa siku alinyimwa hata kamba ya kushikilia. Hospitali aliyoibuni huko Yorkton, iliyojengwa katika miaka ya 1960, ilikuwa ya majengo madogo madogo badala ya jumba moja. Utaratibu wake wa kumeza dawa hauhitaji kuigwa na yeyote. Lakini swali lake, yaani kitu hiki kinaonekanaje kwa macho ya mtu aliyechanganyikiwa, ndilo lililobadilisha fani nzima.

Göteborg

Msomi aliyeyageuza mambo haya kuwa hesabu ni Roger Ulrich wa Marekani. Mwaka 1984 alichapisha uchunguzi wa wagonjwa 46 waliopasuliwa mfuko wa nyongo katika hospitali moja ya Pennsylvania. Nusu yao walilala katika vyumba vilivyotazama miti, na nusu katika vyumba vilivyotazama ukuta wa matofali. Waliotazama miti walikaa hospitalini kwa wastani wa siku 7.96, na wenzao siku 8.70, isitoshe, walihitaji dawa kali za maumivu kwa uchache. Tofauti ni ndogo, lakini iliwashtua wengi, kwani dirisha halikuwa limewahi kuhesabiwa miongoni mwa vifaa vya tiba.

Baadaye Ulrich aligeukia wodi za magonjwa ya akili. Katika wodi hizo kuna tatizo linalojulikana ulimwenguni kote: vurugu. Mgonjwa humshambulia mwenzake au muuguzi. Hukamatwa, hufungwa kwa mikanda kitandani, au hudungwa sindano ya kumtuliza bila ridhaa yake. Kwa muda mrefu vurugu hizi zilihesabiwa kuwa dalili ya ugonjwa. Ulrich na wenzake walipendekeza maelezo tofauti: sehemu ya vurugu hizo hutokana na mzigo ambao jengo humtwika mtu ambaye tayari amelemewa. Kelele za usiku kucha, kulala na wageni, kukosa mahali pa kujificha kwa dakika kumi, kutokuwa na uwezo hata wa kuzima taa: haya humchosha hata mzima. Mgonjwa asiyeweza kujitenga na mtu anayemkera hubakiwa na njia mbili, kuvumilia au kupigana.

Jengo la magonjwa ya akili la Hospitali ya Östra mjini Göteborg, lililobuniwa na kampuni ya White arkitekter, liliwapa nafasi ya kulipima wazo hilo. Kila mgonjwa ana chumba chake chenye choo na bafu. Vyumba vimekusanywa katika vikundi vidogo, kila kikundi kikiwa na sebule yake, na vikundi hukutana katika eneo la pamoja ambalo ndilo moyo wa wodi. Kuna bustani zilizozungukwa na jengo lenyewe, ambazo mgonjwa anaweza kuzifikia, na jengo hufanya kazi ambayo kwingineko ingefanywa na ua wa nyaya. Vyombo vya kuketia vinasogezeka, na nafasi ni ya kutosha, hivyo mtu huchagua aketi na nani na kwa umbali gani.

Wazo linaloongoza mpangilio huu, kama alivyolieleza msanifu Stefan Lundin, ni kwamba mgonjwa aliyezidiwa huanza na eneo dogo analoweza kulimudu, yaani chumba chake, kisha huupata upya ulimwengu hatua kwa hatua: sebule ya kikundi, eneo la pamoja, bustani, na hatimaye mji. Msomaji anayeijua nyumba ya mawe ya Lamu ataielewa ramani hii mara moja, ingawa majengo haya mawili hayana uhusiano wowote wa kihistoria. Katika nyumba ya Lamu mgeni hupokelewa kwenye daka. Akiruhusiwa, hupita tekani, hufika kiwandani, na ni wachache wanaovuka misana kuingia ndani. Kila hatua ni kibali. Pale Göteborg safari ni ile ile, ila huanzia upande wa pili: mgonjwa huanzia ndani na kila hatua ya kutoka ni yake kuichagua. Katika bweni la vitanda ishirini hakuna daka wala ndani. Mtu hutolewa kitandani hadi kadamnasi bila kizingiti cha kuvuka.

Miongoni mwa vigezo kumi ambavyo Ulrich na wenzake walivipendekeza, kimoja kinahitaji kuelezwa kwa hesabu, nacho ni msongamano. Wao hawakupima ukubwa wa sakafu kwa mita bali waligawanya idadi ya wagonjwa kwa idadi ya vyumba vilivyomo katika wodi. Tuseme wodi ina wagonjwa ishirini, bweni moja, ukumbi mmoja wa kulia na chumba kimoja cha runinga. Ishirini kwa tatu ni karibu saba. Hata ukumbi uwe mpana kama uwanja, popote mtu aendapo atawakuta wengine sita. Kiwango kilichopendekezwa ni chini ya nusu mtu kwa chumba, yaani kila mgonjwa awe na zaidi ya vyumba viwili vya kuchagua. Kipimo hiki kinaeleza kwa nini kumbi kubwa zinazojengwa kwa nia njema hazipunguzi ugomvi. Mtu anayehitaji kuwa peke yake hahitaji upana, anahitaji mlango.

Vigezo vingine ni mwanga wa jua, madirisha yanayotazama miti, picha za mandhari ya asili, vifaa vya kufyonza kelele, uwezo wa mgonjwa kurekebisha mambo katika chumba chake, na mpangilio unaomwezesha muuguzi kuyaona maeneo ya pamoja na milango ya vyumba kutoka mahali pamoja. Jengo la Östra lilikuwa na vigezo tisa kati ya kumi. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2018 yalililinganisha na hospitali kongwe ambayo nafasi yake ililichukua, na hospitali nyingine kongwe iliyoendelea kutumika. Katika jengo jipya, sehemu ya wagonjwa waliodungwa sindano kwa lazima ilipungua. Kwa wale waliofungwa kwa mikanda, wastani wa mara walizofungwa ulishuka kwa takriban nusu. Katika hospitali ya kulinganishia hapakuwa na nafuu kama hiyo.

Hospitali tatu ni chache, na jengo jipya huja na mengine: ari mpya ya wauguzi, taratibu mpya, fahari. Asiyekubali matokeo haya ana haki ya kudai zaidi. Lakini hata akipunguza nusu ya nafuu hiyo, inayobaki ni watu ambao hawakushikwa kwa nguvu na kufungwa, na wauguzi ambao hawakuumizwa wakiwafunga.

Kuhusu jua, ushahidi umetoka kwingine pia. Katika hospitali moja ya Edmonton, Kanada, wagonjwa wa sonona waliolazwa katika vyumba vyenye jua walikaa wastani wa siku 16.9, ilhali wa vyumba hafifu walikaa siku 19.5, hayo yalichapishwa mwaka 1996. Huko Milano, Italia, uchunguzi wa mwaka 2001 ulionyesha kwamba kundi moja la wagonjwa wenye sonona waliolala upande wa mashariki, wanakopata jua la asubuhi, walitoka mapema kwa zaidi ya siku tatu kuliko wa upande wa magharibi. Kuelekeza jengo hakuongezi hata tofali moja kwenye gharama.

Usalama na staha

Ingekuwa makosa kudhani kwamba mbuni wa hospitali hizi huwaza bustani tu. Hofu yake kubwa ni kwamba mgonjwa atajidhuru, na hofu hiyo imo katika kila msumari. Kitasa cha kisasa kina umbo la mteremko ili kamba isishike. Fimbo ya pazia hung'oka ikibebeshwa uzito. Bomba la mvua halichomozi ukutani, na bomba la maji ni fupi na la mviringo. Mlango wa chumba huweza kufunguliwa pande zote mbili, ili mgonjwa akiuzuia kwa kitanda kutoka ndani, wauguzi waufungue kuelekea nje. Kioo cha dirisha hakivunjiki vipande, na dirisha hufunguka kiasi cha kupitisha hewa pekee.

Hapa ndipo usanifu wa kisasa una ugumu wake halisi. Kila mojawapo ya hatua hizi huokoa maisha, na kila mojawapo humwambia mgonjwa kwamba haaminiwi. Chumba kikiondolewa kila hatari huishia kufanana na seli, na seli humzidishia mtu ile hali ya kukata tamaa ambayo hatari hizo ziliondolewa kwa ajili yake. Wabuni bora hujibu kwa kuuficha ulinzi: kitasa salama kilichotengenezwa kwa umbo la kupendeza, kioo kisichovunjika kinachotazama mti badala ya nondo zinazotazama ukuta. Wengine huuita udanganyifu. Lakini Kiswahili kina neno linalofaa zaidi, nalo ni stara. Kusitiri si kuficha ukweli; ni kumwondolea mtu aibu ya kuonekana katika unyonge wake. Mgonjwa anajua kwamba dirisha halifunguki lote. Anachoepushwa ni kukumbushwa kila anapoinua macho.

Jamaa wa mgonjwa

Yamkini msomaji atasema kwamba Uswidi ni tajiri na kaunti zetu si tajiri. Ni kweli kuhusu chumba cha mtu mmoja chenye choo chake, ambacho ndicho kigezo ghali kuliko vyote. Si kweli kuhusu vingine. Kusogeza viti hakugharimu kitu. Saa na kalenda ukutani, vitanda vya kimo cha kawaida, mti uliopandwa mbele ya dirisha, runinga moja isiyovuma mchana kutwa, vyumba vya kulala vinavyolipokea jua la asubuhi: haya yote yamo katika uwezo wa hospitali ya kaunti ndogo. Hata bweni lililopo laweza kukatwa kwa kuta za kimo cha mtu, watu wanne wanne, kila kikundi kikapata pembe yake ya kuketi. Hesabu ya msongamano itashuka, japo haitafika ile ya Göteborg.

Lipo jambo moja ambalo Göteborg haina la kutufundisha. Ramani yake humfikiria mgonjwa kama mtu mmoja, mwenye chumba kimoja na ufunguo mmoja. Mgonjwa wa huku kwetu huletwa na mama, kaka au shangazi, na mara nyingi jamaa huyo husafiri siku nzima kumleta. Anapofika hukabidhi mgonjwa dirishani, huambiwa saa za kutazama wagonjwa, kisha hubaki nje ya lango. Jengo halina pake.

Mwaka 1954, huko Aro, karibu na Abeokuta nchini Nigeria, Daktari Thomas Adeoye Lambo aliupanga utaratibu ambao haukuanza na jengo. Badala ya kusubiri wodi zikamilike, aliwaomba wenyeji wa vijiji vya jirani wawapangishe wagonjwa vyumba katika nyumba zao. Kila mgonjwa alitakiwa aje na jamaa mmoja angalau, wa kumpikia, kumfulia na kumpeleka hospitalini kutibiwa. Mgonjwa alilala kijijini, miongoni mwa watu waliokuwa wakilima na kuuza sokoni, naye akashiriki kazi hizo alipopata nguvu. Vijiji navyo vilinufaika kwa kodi na kwa huduma. Hospitali ikawa mahali pa kupokea dawa, na maisha yakaendelea kuwa nje yake.

Haielekei kwamba utaratibu huo unaweza kunakiliwa ulivyo katika mji wa leo. Lakini unaweza kusomwa kama ramani. Katika wodi ya kaunti, maana yake ni chumba kando ya mlango chenye vitanda kwa ajili ya jamaa, jiko la nje analoweza kulitumia, na baraza yenye kivuli ambapo yeye na mgonjwa wataketi wakitazamana, bila meza ya askari katikati.